Usingizi wa Mwanahalima

Kule Mtunda watu hawakuwa na haja ya jogoo. Muadhini hajakohoa bado kwenye kipaza sauti, fagio la Mwanahalima limeshaanza kazi, kutoka mlangoni hadi kwenye mkorosho wa kwanza, kisha kurudi. Wengine walimsifu kwa usafi. Wengine, hasa wale ambao usingizi mtamu kwao ni wa alfajiri, walisema mwanamke yule ana ugomvi wa zamani na vumbi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu mzima aamke saa hizo kila siku ya Mungu. Angejiuliza, angegundua kwamba Mwanahalima hakuwa akiamka mapema. Alikuwa hajalala kabisa, na kufagia kulimpa sababu ya kutoka nje.

Alizaliwa hapohapo Mtunda, binti wa mkulima wa mpunga aliyeitwa Mtoro, na aliolewa hapohapo, upande wa pili wa njia, na Haidari. Kiwanja alichopelekwa kilikuwa cha marehemu baba yake Haidari. Wanaokiona leo wanadhani kilizaliwa na kivuli chake. Wapi! Kilikuwa vichaka na vichuguu, na nyoka walikuwa wakiishi kwa raha zao. Haidari muda wake mwingi alikuwa Nyamisati akipakia boriti za mikoko, anarudi nyumbani kubadilisha shati. Aliyeng'oa visiki ni Mwanahalima. Aliyepanda mikorosho ni Mwanahalima, na kiangazi cha kwanza aliinywesha kwa ndoo ya kichwani, mimba ya Muzdalifa ikiwa tumboni, mpaka wenzake kisimani wakamwambia miti haizai watoto, ajihurumie. Yeye akacheka, akajitwika.

Mikorosho ikakua, Muzdalifa akakua, akaolewa Nyamisati. Haidari akavuka kwenda Mafia kutafuta kazi. Mwanzo alipiga simu kila Ijumaa. Baadaye zikawa simu za sikukuu. Halafu siku moja baada ya Alasiri, Mwanahalima amekaa anabangua korosho, vidole vyeusi kwa utomvu, simu ikaita.

"Mama Muzdalifa, mimi nimeoa huku," Haidari alisema, bila hata salamu. "Mwenzangu hataki uke wenza. Basi nimekuacha, talaka zote. Nyumba kaa, mimi sina haja nayo. Ila usiwaambie ndugu zangu. Wakijua watakutoa."

Akakata. Mwanaume ana shukrani huyo, kwa kweli! Alikuwa amegombana na ndugu zake miaka mingi kwa ajili ya urithi, hawasemezani, kwa hiyo habari ile ilibaki kwake na kwa Mwanahalima. Na alichosema kuhusu kumtoa kilikuwa kweli tupu. Kiwanja ni cha ukoo wao. Mke wa Haidari ana haki ya kukaa hapo mpaka kufa kwake. Mwanamke aliyeachwa na Haidari ni mgeni tu.

Basi Mwanahalima akakaa eda ambayo hakuna aliyeijua. Akisingizia miguu, hakwenda harusi wala ngoma mpaka ikaisha. Na watu walipomuuliza, "Baba Muzdalifa hajambo huko?" alijibu, "Hajambo, anawasalimu." Salamu hizo alizitunga mwenyewe. Kila Idi alikuwa na salamu mpya kutoka Mafia, za huyu na za yule, na kubwa kuliko zote, kana kwamba ule ugomvi wa urithi umeanza kupoa, alimpelekea wifi yake Tabu, dada wa Haidari, anayekaa ng'ambo ya njia. Tabu alikuwa na tabia ya kupita chini ya mikorosho wakati wa maua, macho juu, akisema, "Kaka yangu ana mali, jamani." Mwanahalima alikuwa akiitikia, "Anayo, wifi."

Kuishi hivyo si bure. Magoti yakaanza kulia akiinama, tumbo likajaa gesi, ngozi ikakauka kama makopa. Usingizi ndio ukahama kabisa. Hospitali walimpima, wakakuta presha imepanda kidogo, wakampa vidonge na kumwambia apumzike. Apumzike! Kama angejua kupumzika asingekwenda.

Ndipo binamu yake Zaitun aliporudi kutoka Dar es Salaam.

Zaitun alikuwa mtoto wa mjomba wake, na walikua pamoja, wakilala kitanda kimoja, wakigombania mto. Asiyejua mila za huku aelezwe: binamu ni mtani. Atakuja kwako, achukue kuku wako bila kuomba, amchinje, nawe utamtafutia nazi. Ukifiwa, ataingia msibani amevaa kanzu ya marehemu, anaiga mwendo wake, na wafiwa watacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Neno la mtani halinuniwi. Anayenuna ndiye mwenye makosa, tena hutozwa faini. Ndiyo maana marehemu mama yake Mwanahalima alikuwa akimwambia: mtani mpe chakula, mpe nguo, siri usimpe.

Zaitun alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa mama mmoja wa Kihindi, daktari wa tiba za jadi za kwao. Alianza jikoni, akahamia kwenye kutwanga dawa, halafu kukanda wagonjwa, mwishowe akafundishwa hasa na kupewa cheti. Akapanga chumba Kibiti kando ya barabara kuu, akakipaka rangi ya kijani, akaandika juu ya mlango: AYURVEDA, ELIMU YA MAISHA. Watu walipita wakasoma, wakaendelea na safari. Wengine walidhani ni shule ya chekechea.

Mwanahalima alikwenda kwa sababu ya undugu, akitegemea kupewa chupa arudi zake. Chupa hakuipata. Zaitun alimkalisha kwenye mkeka asubuhi nzima, akamuuliza maswali ambayo hata mumewe hakuwahi kumuuliza. Anakula nini? Saa ngapi? Cha moto au kilichopoa? Choo kinakwendaje? Anaota nini? Akamwambia atoe ulimi, akautazama kama mtu anayekagua samaki. Kisha akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu vilivyopangwa sambamba, akafumba macho, akasikiliza mapigo.

"Wahindi wanasema kila mtu ameumbwa kwa nguvu tatu," alimweleza. "Kuna upepo, wenyewe wanauita vata. Kuna moto, pitta. Na kuna kafa, maji na udongo. Wote tunazo, ila kila mtu na kipimo chake. Huyu moto umezidi, ana hasira na kiungulia. Yule kafa imezidi, mnene, mzito, hata kuinuka mpaka asukumwe."

"Huyo wifi yangu Tabu," Mwanahalima alisema.

Wakacheka. "Na wewe ni mtu wa upepo, binamu. Mwembamba, ngozi kavu, maneno mbio, wasiwasi tele. Upepo ukizidi unaingia kwenye viungo, unaingia tumboni, unafukuza usingizi. Kwa hiyo hatutibu goti peke yake. Tunamtibu mwenye goti."

Maneno hayo yalimwingia. Mama yake naye alikuwa akisema habari za upepo mwilini, na vyakula vya baridi na vya joto, ila hakuwahi kuzipanga hivyo. Akaambiwa aache kiporo cha wali kilichopoa na chai ya rangi nzito asubuhi, jambo ambalo kwa Mrufiji ni kama kuambiwa aache kupumua. Ale chakula kilichopikwa siku hiyohiyo, kina moto: wali laini na choroko, tangawizi, bizari nyembamba, samli kidogo. Jioni ajipake mafuta ya ufuta yaliyopashwa, kuanzia utosini mpaka nyayo, akoge maji ya moto, alale mapema.

"Na vidonge vya hospitali usiache hata kimoja," Zaitun alisema. "Mimi sishindani na daktari. Mimi nakushika palipobaki."

Mwanahalima akafuata yote. Tumbo likatulia, magoti yakalegea, ngozi ikarudi kung'aa. Usingizi tu ndio haukurudi, na fagio likaendelea kusikika kabla ya adhana.

Mwanahalima aliporudi Kibiti, Zaitun alimshika tena mkono. "Mwili umetii," alisema. "Moyo bado. Elimu hii haitenganishi, binamu. Mwili, akili na roho ni mafiga matatu. Ukitoa figa moja chungu kinamwagika. Unalemewa na nini?"

"Silemewi na kitu."

"Haidari hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Mapigo yameruka," Zaitun alisema taratibu, vidole vitatu havijaondoka mkononi. "Nimetaja jina lake yakaruka kama panzi. Mficha uchi hazai, binamu. Sema."

Mwanahalima alikumbuka maneno ya mama yake. "Wewe mtani wangu, Zaitun. Kesho siri yangu utakwenda kuichezea ngoma."

"Nikiwa nje ya mlango huu, mimi mtani wako. Nikikushika mkono hivi, mimi tabibu wako. Wallahi litaishia kwenye mkeka huu."

Basi akasema. Alisema simu ya Haidari, akasema eda ya peke yake, akasema salamu za kutunga, akamsema Tabu na macho yake juu ya mikorosho. Alisema mpaka sauti ikakauka. Zaitun alilia naye, na kulia kwake hakukuwa kwa uongo. Hili tulikubali, maana mtu anaweza kukulilia kwa dhati leo na kukuuza kesho.

Siku iliyofuata Mtunda nzima ilichelewa kuamka. Fagio halikusikika. Waliokuwa na safari ya Kibiti wakakosa gari, na mpaka jua limepanda watu walikuwa wakiulizana kama Mwanahalima ni mgonjwa. Alikuwa amelala, mdomo wazi, mafuta ya ufuta yameingia kwenye foronya, usingizi ambao hakuujua tangu simu ile.

Tangu hapo hakuna aliyepona na maneno yake. Ukienda kuchota maji atakuambia habari ya upepo. Ukimkuta sokoni anatazama kapu lako, anakuuliza kwa nini unanunua vya baridi na wewe ni mtu wa baridi. Na alipoona chumba cha kijani bado hakina watu, na Zaitun ameanza kukonda kwa mawazo, ni yeye aliyetoa shauri. "Njoo Mtunda, uwaeleze wanawake wakusikie. Uwanja wangu upo, mikeka ninayo. Kuwaita niachie mimi."

Akapita nyumba kwa nyumba. Alipofika kwa Tabu alisita kidogo mlangoni, kisha akajiambia mtu huwezi kumbagua wifi. "Njoo, wifi, usikie. Magoti yako hayo yatapata dawa." Tabu akasema atakuja.

Siku hiyo alifagia uwanja kama wa harusi. Akatandika mikeka chini ya mikorosho, akapika chai ya tangawizi na mdalasini kwa sufuria kubwa, akaketi mbele, kanga mpya, furaha tele. Zaitun alisimama akasema vizuri, lazima tumpe haki yake. Alieleza upepo, moto na kafa kwa mifano ya jikoni, kila mwanamke akaanza kumtambua mumewe. Alieleza kwamba tumbo ni jiko, na jiko likizimika hata chakula kizuri kinageuka uchafu mwilini. Alieleza kuamka na jua, kula kwa utulivu, kutolala na kinyongo.

Lakini watu wa Mtunda si wa kumeza bila kutafuna. Mwamvua, mwenye duka la karibu na msikiti, akainua mkono. "Bibi, maneno yako matamu. Sasa hiyo si dini ya Kihindi? Na je, yupo aliyepona, au tunasifiwa mchuzi hatujauonja?"

"Si dini, mama. Ni namna ya kujitunza. Swala zako unabaki nazo, na hospitali unakwenda," Zaitun alijibu. Lile la pili likamfanya asite. Akamtazama Mwanahalima. Mwanahalima akatabasamu na kuitikia kwa kichwa, amwonyeshe tu, aseme magoti, aseme tumbo. Alishajiandaa hata kusimama na kuchuchumaa mbele yao.

Zaitun hakumwonyesha. Laiti angemwonyesha!

"Yupo," alisema. "Sitamtaja, siri ya mgonjwa ni amana. Ila nitawapa kisa chake ili mjue kwamba elimu hii inatibu mtu mzima, si kiungo. Ni mama mmoja hakuwa akipata usingizi. Usiku kucha macho makavu, mpaka anaamua kutoka nje kufagia uwanja kabla ya adhana. Nikampa chakula, nikampa mafuta, wapi. Kumbe mwenzenu kabeba talaka moyoni, mume kamwacha kwa simu, na yeye anawaambia watu mume anawasalimu. Siku aliyoitoa ndiyo siku aliyolala."

Alikuwa anatazama mbali wakati anasema, amenogewa na kisa chake. Hakuona vichwa vinavyogeuka kimoja kimoja. Wanawake walitazama uwanja walioukalia, ukiwa na mistari ya fagio bado, kisha wakamtazama mwenye uwanja.

Tabu aliweka kikombe chini. "Nani kaachwa, Zaitun?"

Hapo ndipo Zaitun alipomwona binamu yake. Mkono ukamwenda mdomoni. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema amekosea, mgonjwa ni wa Dar es Salaam. Badala yake akaangua kicheko. "Jamani, mbona mmenuna? Mimi binamu yake! Namtania mtani wangu, mnataka nimtanie nani?"

Uwanja mzima ukacheka, kwa sababu ndivyo mila inavyotaka na kwa sababu walikuwa hawajui wafanye nini. Na Mwanahalima akacheka pia. Alicheka akiwa ameviinamia vikombe vyake, akijua kwamba amevuliwa nguo mbele za watu kwenye mikeka yake, na kwamba akikasirika yeye ndiye atakayeonekana hana adabu. Hajawahi kuchukia kicheko chake mwenyewe namna ile.

"Utani nimeusikia," Tabu alisema. "Wifi, apa tu kwamba kaka hajakuacha, yaishe."

Uongo wa salamu Mwanahalima aliuweza. Kumwingiza Mungu kwenye uongo hakuweza. Akaanza kukusanya vikombe.

Yaliyofuata hayakuwa marefu. Ndugu wa Haidari walikuja na mwenyekiti wa kitongoji. Simu ya Haidari ilipigwa, akapokea, akaitikia kwamba ndiyo, kamwacha, kisha akazima. Kuhusu kiwanja hakusema hata neno. Mwenyekiti, mtu mpole anayependa kila upande uondoke na kitu, akasema miti ni ya Mwanahalima kwa kuwa aliipanda, ila ardhi ni ya ukoo. Kila mtu akaona amesema vizuri. Sasa mkorosho utaujitwika kichwani? Tabu aliahidi atakuwa anampelekea korosho za kula, msimu ukifika.

Muzdalifa akatuma ujumbe kwamba mama aje Nyamisati, alee wajukuu. Mwanahalima akafunga vyombo. Usingizi ulikuwa umeshahama tena, na mafuta ya ufuta hakuyagusa, ingawa chupa ilikuwepo dirishani. Kilichomuuma zaidi ni habari aliyoletewa na Mwamvua, aliyekuja kumsaidia kukunja mikeka.

"Chumba cha binamu yako siku hizi hakina pa kukaa," Mwamvua alisema. "Watu wanasema dawa yake ni ya kweli, maana wamemwona aliyepona. Hata Tabu kapeleka magoti yake." Akatikisa kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako, shoga."

 Mwanahalima alikaa juu ya mkeka uliokunjwa nusu. Kwa hiyo ndivyo. Ameponya chumba cha Zaitun kwa siri yake, na Tabu atakandwa magoti ili apate nguvu za kuokota korosho.

Siku ya kuondoka bodaboda ilikuwa imeshafungwa mizigo Zaitun alipofika, amebeba chupa mpya ya mafuta. Mikorosho ilikuwa na maua. Akasimama mbali kidogo, kama mtu asiye na uhakika wa mbwa wa nyumba hiyo.

"Binamu, sikutaja jina," alisema.

"Hukutaja."

"Nilitaka waamini. Chumba kilikuwa kinanifia mikononi. Ilinitoka tu."

"Haikukutoka. Ulikuwa umeipanga vizuri, mpaka na salamu uliziweka."

Zaitun alifuta macho kwa upindo wa mtandio. "Mimi mtani wako, Mwanahalima. Mtani hanuniwi."

"Aliyenisikiliza hakuwa mtani. Ulisema mwenyewe, kwenye mkeka wako."

 Zaitun akamtazama binamu yake usoni, macho yaliyoingia ndani, midomo iliyopasuka, na utabibu ukamzidi nguvu. "Unalala?" aliuliza.

"Nalala."

"Mwanahalima. Unalala?"

"Nalala vizuri kabisa, alhamdulillahi."

Akasema kwa sauti ileile aliyokuwa akipelekea salamu za Haidari kila Idi. Zaitun aliitambua. Alisogea, akanyoosha mkono ili waagane, na bila yeye mwenyewe kujua, vidole vitatu vilikuwa vimeshajipanga sambamba.

Mwanahalima aliutazama mkono ule. Kisha akavuta upindo wa kanga, ukafunika kiganja chake na kifundo, kama mwanamke mwenye udhu anapompa mkono mwanaume asiye maharimu wake. Akampa hivyo, juu ya nguo, na akapanda bodaboda.